Sukari ya Mama

2 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu simu yako sishiki tena. Mara ya mwisho ulinikatia nikiwa katikati ya neno, na Mama naye kwenye simu hasikii, kila ukimwambia kitu anajibu "na nyinyi pia." Dereva wa gari la vifurushi amekubali kubeba barua zetu kwa kuwa suruali zake nazishona mimi bure. Akifika usimcheleweshe.

Nianze na linaloniuma. Mama alipofunga nyumba yake tulikubaliana akae kwako wiki mbili, halafu aje kwangu. Wiki mbili! Sasa mwezi wa tatu huu. Watu wananiuliza mama yako yuko wapi, nikisema yuko kwa mdogo wangu wananitazama kama nimemfukuza. Mimi ndiye mkubwa. Wewe mwenyewe nimekubeba mgongoni mpaka miguu yako ikawa inagusa magoti yangu.

Hapa kazi imefurika, nashukuru. Nimepata oda ya sare za shule mbili, sketi mia na themanini, na vitambaa vimelala mpaka kwenye kitanda cha watoto. Hapana hata pa kuweka mguu. Lakini Mama akija, cherehani inatoka inakwenda uani, vitambaa vinapanda juu ya kabati, na chumba chote kinakuwa chake. Msomee barua hii yote, neno kwa neno, kisha unijibu anasemaje.

Dada yako

*

11 Februari

Dada mpendwa,

Barua imefika na Mama nimemsomea. Amefurahi sana kusikia kazi imekuchangamkia. Anasema yuko sawa, usiwe na wasiwasi naye, na anakusalimu wewe na Mzee Baadaye. Shemeji bado anasema "baadaye" kwa kila kitu, au ameacha?

Sasa nikupe habari njema. Kwenye chama chetu cha akina mama amekuja mwalimu wa kutufundisha akiba. Dada, yule mama anaongea! Anasema familia haiweki akiba kwa sura ya msiba. Anasema nyumbani usiseme "hatuna," useme "tumechagua." Basi nimechukua kopo kubwa la hamira kutoka kazini, nimelitoboa mfuniko, nimeliweka juu ya friji. Kila Ijumaa tukimaliza kula, kila mtu anaandika kwenye karatasi kitu kimoja alichokitamani wiki hiyo akakiacha kipite. Anaikunja na kuitumbukiza pamoja na bei ya kitu chenyewe. Ijumaa ya mwisho ya Julai tutafungua, na karatasi zote zitasomwa kwa sauti ili tucheke pamoja. Nataka tanuri langu mwenyewe, nimechoka kuoka mikate ya tajiri.

Shemeji yako ameandika "kwenda kutazama mpira, na yanayofuata baada ya mpira." Yule mwanangu wa mwisho ameandika anatamani kaka yake asiwepo, lakini hakuweka hela kwa sababu hajui bei. Mama naye anashiriki. Anafuma vitambaa vya mezani na wenzangu wa kazini wanamnunulia. Macho hayaoni maandishi tena, kwa hiyo karatasi yake namwandikia mimi.

Anzeni na nyinyi, Dada. Utaona nyumba inavyochangamka.

Mdogo wako

*

26 Februari

Mdogo wangu,

Hongera kwa kopo. Mimi nakukumbuka ulivyokuwa unaiba hata hela za kununulia uzi, leo umekuwa mwalimu wa akiba. Huyo mwalimu wenu, Bibi Mtazamo, mwambie namsalimu.

Nilimsomea Mzee Baadaye hayo maneno yake. Tangu siku hiyo nikimwambia mkaa umekwisha anasema hapana, tumechagua kutonunua. Nikimwambia mguu wa meza umevunjika, tumechagua meza ya miguu mitatu. Anacheka peke yake.

Lakini sisi pia tumeanza. Tumeanza kabla hata barua yako haijafika, kama unataka kujua. Letu si kopo, ni sanduku la mbao lenye kufuli, na Ijumaa moja ya kwetu ni kama Ijumaa zenu tatu. Watoto wangu wanaweka bila kuambiwa.

Mimi nina swali moja tu. Mama aliyekuwa anaficha hela zake kwenye soksi, hata Baba hakujua soksi ipi, leo anaziweka juu ya friji la kwako? Anatamani nini huko mpaka umwandikie kila Ijumaa? Na suala la kuja kwangu mbona umeliruka? Nilikuuliza anasemaje, hukunijibu.

Dada yako

*

14 Machi

Dada,

Sanduku lenye kufuli! Nimefurahi kwa moyo wote, na shemeji yako amesema tunashindwa, kwa hiyo wiki hii ameacha na sigara.

Mama anatamani sukari. Ni hivyo tu, kila Ijumaa sukari. Wazee wana vitu vyao.

Kuhusu kuja kwako, anasema kwanza umalize sare za watu. Hataki kukubana. Mimi simshiki, Dada, usije ukafikiri ninamshika.

Nimeandika haraka, trei zinaningoja.

Mdogo wako

*

3 Aprili

Mdogo wangu,

Sukari?

Mama aliacha sukari mwaka ule tulipomzika Baba. Kwangu amekuwa akija miaka yote hiyo, anakunywa chai kavu, nikimsogezea sukari anaisukuma kwa mgongo wa kijiko. Hata siku ya harusi yako alikunywa kavu. Kumbe kwako amerudia! Kumbe kwako amenogewa mpaka ametamani alichokiacha! Nilisoma barua yako nikiwa naweka pindo kwenye sketi, nikashona mpaka kidole.

Sikufichi, nina wivu. Nina wivu na meza yako, na friji lako, na hilo kopo la hamira. Nina wivu na shemeji anayeacha sigara wakati wangu hata kikombe hajaacha kukiweka chini ya kitanda. Wewe Mama anakusimulia jioni, mimi nasikia habari zake kwa dereva wa vifurushi, mtu ambaye hata jina la Mama halijui. Juzi ameniambia "bibi kanenepa." Nikakaa na hilo neno siku nzima.

Basi na mimi nikuambie. Sanduku letu limejaa tukalifungua mapema. Tumenunua kitanda. Futi tano, mbao ngumu, kichwani kimechongwa maua, na godoro jipya ambalo bado liko kwenye nailoni. Kiko chumba cha mbele. Ni cha Mama. Mwambie kitanda chake kipo, kimetandikwa, kinamsubiri. Sare nimeshazimaliza. Hana sababu tena ya kusema ananibana.

Dada yako

*

30 Mei

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazini tumepunguzwa na waliobaki tunafanya zamu mbili. Nikirudi nanukia hamira mpaka watoto wananikimbia.

Hongera kwa kitanda. Nimemwambia Mama, amefurahi, anasema Mungu awazidishie. Ila safari ni ndefu na kwa sasa anapumzika. Labda mwisho wa mwaka tuone.

Kopo limekuwa zito, hata kulinyanyua nashika kwa mikono miwili. Bado Ijumaa chache tufungue.

Mdogo wako

*

12 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini ya cherehani, kila nikikanyaga nikawa naiona.

Safari ndefu, na mimi niliahidi kumfuata mwenyewe! Mwanamke aliyekuwa anatembea na kapu kichwani mpaka sokoni na kurudi, leo kukaa kwenye basi kwa saa tano kunamshinda. Nimeelewa. Hataki. Afadhali ungesema hivyo tangu Februari, nisingejipendekeza kwa mama yangu mwenyewe kama mtu anayeomba kazi.

Nimejiuliza nilimkosea nini. Nimerudi nyuma mwaka hadi mwaka. Nilimjibu vibaya siku moja kwa sababu ya kitambaa cha mteja alichokiunguza na pasi, lakini nilimwomba radhi. Kama ni hilo, mwambie niliomba radhi.

Usimsomee barua zangu tena. Kaeni na sukari yenu.

Dada yako

*

3 Agosti

Dada,

Barua hii naandika nikiwa nimekaa stoo kwenye magunia ya unga, ili asiwepo mtu wa kuniona. Ukimaliza kuisoma ukiamua usinijibu, ni haki yako.

Ijumaa tumefungua kopo. Shemeji yako ndiye aliyesoma, maana mwalimu alisema asome mtu mmoja kwa wote. Unamjua, ni kinyozi, anapenda kusikika, akajifanya msoma taarifa ya habari. Tulicheka. Yale ya mpira, yale ya biskuti, mimi viatu vyangu vyekundu mara sita. Halafu akasoma "Mama: sukari." Akaendelea, akakuta nyingine, "Mama: sukari." Ya nne watoto wakawa wanaitikia kwa pamoja, wanagonga meza. Mama akicheka nao, akauliza, "Nani huyo mroho wa sukari?"

Shemeji yako akamwambia, "Ni wewe Mama. Imeandikwa hapa."

"Mimi? Mimi chai si nakunywa kavu?"

Halafu hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Akasema, "Soma zote." Akasoma zote, Dada. Ishirini na tano. Hakuna aliyegonga meza tena.

Mama akasema, "Mimi nilisema nauli."

Kila Ijumaa, tangu ya kwanza, ananinong'oneza, "Andika: nauli ya kwenda kwa dada yako." Anazitoa hela kwenye soksi, ameshazihesabu, ni nauli kamili. Na mimi nikaandika sukari. Ile ya kwanza pakiti ilikuwa mezani mbele yangu, likawa ndilo neno lililonijia, na nilishaanza ikabidi niendelee. Uliposema Mama aliacha sukari siku nyingi, nilijua nimefanya upumbavu, lakini nikashindwa kubadilisha.

Na barua yako ya Februari sikumsomea yote. Nilimsomea mpaka "hapana hata pa kuweka mguu," nikaikunja. Akasema, "Masikini mwanangu, kazi zimemzidi, nisiende kumbana." Kuhusu kitanda sikumwambia kabisa. Yale ya kupumzika ni maneno yangu.

Sababu ni wivu, Dada, usinitafutie nyingine. Unasema wewe una wivu na mimi. Wewe ulikuwa naye miaka kumi na mmoja kabla sijazaliwa. Kila hadithi ya Mama inaanza na "dada yako alipokuwa mdogo." Mlango ukigongwa anauliza kama ni wewe. Nikimpikia anakula, anashukuru, halafu anasema dada yako naye anapika hiki vizuri. Nilisema angalau mara moja nimpate peke yangu, nimpe na tabia ambayo haijaanza na wewe. Ndiyo hilo kopo. Nalo kumbe kila Ijumaa lilikuwa linajaa wewe.

Hakunigombeza. Angenipiga ningepumua. Alichambua hela zake, akachukua nauli moja, nyingine zote akazisukuma kwangu juu ya meza, akasema, "Nunua tanuri lako. Mimi nahitaji kufika tu." Anapanda basi la Jumamosi asubuhi, tarehe 8. Nimemfungia mzigo mwenyewe.

Tanuri sijanunua. Hela zake zimekaa kwenye kopo, hata kuligusa siwezi.

Mdogo wako

*

6 Agosti

Wewe,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilitaka nije huko na mkasi. Miezi sita, mtoto wa mama yangu! Miezi sita nalala nikijiuliza kuhusu kitambaa cha pasi! Mara ya pili nilihesabu hizo Ijumaa kwa vidole, nikarudia. Mara ya tatu, na hili naliandika kwa aibu, nilifurahi. Nilifurahi vibaya. Nilitaka kutoka nje nimwambie kila anayepita kwamba Mama yangu alinitaka mara ishirini na tano.

Mara ya nne nikakumbuka kitanda.

Hakuna kitanda. Hakijawahi kuwepo. Na sanduku lenye kufuli ni lile la vibobini vya cherehani. Tulianza kweli wiki moja, nikakasirika kwamba ninyi mmeweka zaidi, nikasema wiki ijayo tutaweka mara tatu, tukashindwa, nikachukua hata ile ya mwanzo nikanunulia uzi. Watoto waliweka vifungo ili lisikike zito. Nilikuwa naweka akiba kwa kukutazama wewe, basi haikujaa. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyeandika uongo kwenye karatasi.

Nilipomwambia Mzee Baadaye kwamba Mama anafika keshokutwa na kitanda ni maneno matupu, nilisubiri jibu lake lile lile. Alivaa viatu. Akasema, "Twende sasa hivi." Miaka kumi na tisa ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza nalisikia hilo neno kwake. Seremala ametupatia kitanda, kipana lakini hakina maua wala nini, na mimi nitamshonea mapazia ya nyumba nzima mpaka Oktoba.

Bado nina hasira na wewe. Nimekuandikia hivi ili ujue Mama atalala wapi.

Dada yako

*

29 Agosti

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Kitanda anakisifia, anasema kinalia kidogo akigeuka lakini hata yeye analia akigeuka. Asubuhi anakaa pembeni ya cherehani, anapapasa pindo kwa vidole, na macho yake hayo hayo ananiambia hapa umeruka mshono. Na kweli nakuta nimeruka. Chai anakunywa kavu.

Amemfanya Mzee Baadaye aanze sanduku upya. Mzee kalileta mezani, kamwaga vifungo kwenye bakuli, kasema Ijumaa ni Ijumaa na kila mtu aweke chake bila kuangalia cha mwenzake. Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi. Tunaweka kidogo. Watoto wanaanza kunikumbusha siku yenyewe ikifika. Juzi nilijisikia nikimwambia mteja "tumechagua," nikamkumbuka Bibi Mtazamo wako nikacheka.

Ijumaa mbili za kwanza Mama aliniandikisha uzi wa kufumia, nikaandika uzi. Jana nikakaa naye tena na kalamu, nina raha zangu, nimemweka karibu kabisa na bega langu. Akafungua soksi, akahesabu, akaninong'oneza.

"Andika: nauli ya kwenda kwa mdogo wako."

Wiki tatu tu! Wewe ulikaa naye miezi, mimi wiki tatu, na tayari moyo wake uko njiani. Nilijisikia joto mpaka masikioni. Bakuli la vifungo lilikuwa mezani mbele yangu. Nakuambia ukweli kwa kuwa wewe peke yako utauelewa: mkono wangu ulianza kuandika vifungo. Niliandika herufi nne. Mama alikuwa ananisubiri, wala hawezi kusoma.

Nikakata. Nikaandika alichosema.

Karatasi yenyewe ndiyo hii, na nauli yake nimeikunjia ndani. Sikuiweka kwenye sanduku. Mama hatasafiri tena hivi karibuni, magoti yamevimba, kwa hiyo panda wewe uje, na ukirudi ununue hilo tanuri. Kitanda kitawatosha wawili, mimi nitajibanza na watoto. Utaona mwanzo wa karatasi kuna neno nililolikata. Ningeweza kuandika nyingine safi, lakini nimeona nikutumie hii hii.

Dada yako